Lile doa jeupe la kusini mwa Mwezi: si ufa, wala si volkano

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninaishi Mpunguzi, Dodoma. Nina darubini ya macho mawili aliyoniachia marehemu baba, aliyekuwa askari wa wanyamapori. Mwezi ukiwa mpevu ninaona doa jeupe linalong'aa, na kutoka hapo mistari myeupe imetawanyika hadi mbali. Mwanangu wa darasa la sita ameambiwa na wenzake kwamba hizo ni nyufa, eti Mwezi uliwahi kupasuka. Jioni za nusu mwezi ninalitafuta doa hilo, silioni. Ni kitu gani? Ni volkano kama Ngorongoro? Na kama ni jiwe lililoanguka kutoka angani, mbona huku kwetu hakuna mashimo ya namna hiyo?

Jibu: Marahaba, dada. Unachokiona kinaitwa Tycho. Ni kreta iliyochimbwa na jiwe kutoka angani, katika nyanda za juu za kusini mwa Mwezi. Ilipewa jina la Tycho Brahe, mtazamanyota wa Denmark aliyefariki mwaka 1601, na aliyeipa jina hilo ni padri Mtaliano Giovanni Riccioli katika ramani yake ya mwaka 1651. Historia ya jina inaishia hapo. Kreta yenyewe ndiyo yenye mengi, na nafurahi umeiuliza, kwa sababu ukishaielewa Tycho umeuelewa Mwezi kwa sehemu kubwa, na ardhi ya Dodoma utaanza kuitazama kwa jicho jingine.

Nianze na nyufa, maana najua kijana anasubiri jibu la kupeleka shuleni.

Hakuna ufa hata mmoja pale. Ile mistari ni unga na vipande vya miamba vilivyorushwa kutoka shimoni siku jiwe lilipogonga, vikaanguka juu ya ardhi iliyokuwapo. Mwezini hakuna hewa ya kuzuia vumbi, na mvutano wake ni sehemu moja tu ya sita ya mvutano wa Dunia, kwa hiyo punje iliyorushwa kwa nguvu inasafiri mbali sana kabla mvutano huo haujairudisha chini. Miale ya Tycho imefika zaidi ya kilomita 1,500 kutoka shimoni, na Mwezi mzima una upana wa kilomita 3,474 tu. Mwambie kijana achunguze jambo moja: mwale unapofika penye mlima au shimo la zamani haupindi, haukatiki, wala hausogezi kitu. Unapita juu yake tu. Ufa wa kweli ungeikata milima na kuiachanisha. Vyombo vilivyozunguka Mwezi vimepiga picha za karibu za miale hii, na kinachoonekana ni tabaka jembamba la vifusi lenye vishimo vidogo vingi, kila kimoja kimechimbwa na pande la mwamba lililotoka Tycho na kuanguka.

Sasa kuhusu kuonekana na kutoonekana. Hapa pana mambo mawili tofauti ambayo watu wengi huyachanganya.

La kwanza: jioni ya nusu mwezi, ile inayokuja wiki moja baada ya mwezi mwandamo, Tycho haipo machoni pako kwa sababu kwake bado ni usiku. Iko kidogo upande wa pili wa ule mstari unaotenganisha mwanga na giza. Jua huchomoza pale yapata siku moja baadaye. Kwa hiyo hukukosea kutafuta. Uliwahi mno.

La pili: hata jua likishachomoza Tycho, miale haionekani mara moja. Siku ya kwanza na ya pili utaona shimo, shimo hasa, lenye kingo kali na tumbo lililojaa kivuli, lakini mistari myeupe hakuna. Jua linapokuwa chini, kila kilima kinatupa kivuli kirefu, kwa hiyo macho yanaona maumbo, yaani vilima, mabonde na mashimo. Jua likifika utosini vivuli vinafutika, maumbo yanapotea, na macho yanabaki na kitu kimoja tu cha kutofautisha: ardhi gani ni nyeupe na ipi imefifia. Mwezi mpevu ndio wakati jua liko juu ya uso wote tunaouona. Ndiyo maana usiku ule unaona doa na mistari, huku shimo lenyewe hulioni vizuri.

Kusini kidogo ya Tycho kuna kreta iitwayo Clavius, yenye upana wa kilomita 231, karibu mara tatu ya Tycho. Mwezi ukiwa mpevu hata watazamaji wazoefu huhangaika kuitafuta Clavius. Kubwa imepotea, ndogo inawaka. Sababu ni umri. Clavius ina miaka inayokaribia bilioni 4. Tycho, kwa makadirio tunayoyaamini, ina miaka milioni 108.

Uso wa Mwezi unachakaa, ingawa hauna mvua. Upepo wa jua, yaani zile chembe za umeme zinazotoka kwenye Jua bila kukoma, unaipiga kila punje ya udongo. Vimondo vidogo kama mchanga navyo vinaigonga, vinaiyeyusha kidogo, na kuifunika kwa utando wenye vichembe vya chuma vidogo kupita kiasi. Utando huo ndio unaotia weusi. Ni kama bati jipya la nyumba: siku linapopauliwa linakuumiza macho, miaka ikipita linafifia bila mtu kuligusa. Mwezini kufifia huko kunachukua miaka kama bilioni moja. Kreta Copernicus, yenye miaka ipatayo milioni 800, bado ina miale ila imeanza kunywea. Clavius ilikuwa nayo zamani sana na haina tena. Tycho bado ni bati jipya.

Ukitulia na darubini yako mwezi ukiwa mpevu, utaona kitu kingine ambacho hukukitaja. Kabla miale haijaanza, doa jeupe limezungukwa na pete yenye rangi ya kijivu. Ule ni mwamba ulioyeyuka kwa mgongano, ukarukia nje ya kingo, ukapoa haraka na kuwa kioo kizito cheusi. Utaona pia kwamba miale haikujigawa sawasawa pande zote. Kuna upande mmoja wenye pengo, karibu mtupu. Maabara wamerusha risasi kwenye mchanga kwa pembe za kila aina, na wamegundua kwamba jiwe likija kwa kulalia, upande lilikotokea ndio unaokosa vifusi. Kwa hiyo pengo lile ni alama ya njia ya jiwe. Limedumu miaka milioni mia na zaidi, na mtu anaweza kuliona akiwa Mpunguzi. Mimi hilo hunishangaza kila ninapolitazama.

Sasa ukubwa. Tycho ina upana wa kilomita 85. Kwa mstari ulionyooka, si kwa barabara, huo ni kama umbali wa kutoka Dodoma mjini hadi Mpwapwa. Kina chake ni kilomita 4.7 hivi kutoka ukingoni hadi sakafuni. Mlima Meru una urefu wa mita 4,562 kutoka usawa wa bahari. Ungeutumbukiza wote, kilele chake kisingefika ukingoni. Kuta za ndani hazikushuka moja kwa moja; zimeporomoka kwa ngazi kubwa kubwa, kila ngazi na upana wake wa kilomita kadhaa. Katikati umesimama mlima wenye urefu wa kilomita 2 hivi.

Mlima huo wa katikati ndio uliowafanya watu wengi kwa muda mrefu wadhani kreta za Mwezi ni volkano, kwa hiyo swali lako kuhusu Ngorongoro limeulizwa na wakubwa kabla yako. Hata mwanzoni mwa karne ya 20 watazamanyota wengi waliamini hivyo. Mwanajiolojia Mmarekani Grove Karl Gilbert alikuwa ameshaandika mwaka 1893 kwamba kreta za Mwezi ni matokeo ya mawe kugonga, lakini hakuweza kueleza jambo moja: kama mawe huja kutoka kila pembe, kwa nini karibu mashimo yote ni duara? Jiwe likija kwa kulalia si lingechimba mtaro?

Jibu limo kwenye kasi. Jiwe linalogonga Mwezi mara nyingi huja kwa kilomita 15 hadi 20 kwa sekunde. Kwa mwendo huo ungetoka Dodoma na kufika Dar es Salaam chini ya nusu dakika. Kitu chenye kasi hiyo hakichimbi kama jembe. Kinapogusa ardhi kinasimama ghafla, na nguvu zake zote zinageuka kuwa joto na shinikizo mahali pamoja. Jiwe lenyewe linayeyuka na kugeuka mvuke, na mshindo unaenea chini ya ardhi pande zote. Ni mlipuko, na mlipuko huchimba duara bila kujali mlipuaji alitokea wapi. Mwanajiolojia Eugene Shoemaker alizichunguza kreta zilizochimbwa na majaribio ya mabomu ya nyuklia huko Nevada, akazilinganisha na shimo la Arizona lenye upana wa kilomita 1.2. Mwaka 1960 yeye na wenzake wakatangaza kwamba ndani ya shimo lile wamekuta koesaiti, aina ya kwatzi inayohitaji shinikizo kubwa ambalo mlipuko wa volkano haulifikii. Baada ya hapo, hoja ya volkano ikaanza kuisha nguvu.

Mlima wa katikati nao una maelezo yake. Jiwe lililochimba Tycho linakadiriwa lilikuwa na upana wa kilomita 8 hadi 10. Shimo la kwanza lililofunguka lilikuwa na kina kirefu kuliko hiki cha leo, lakini mwamba haukuweza kulihimili. Sakafu iliyokandamizwa ikarudi juu, kuta zikaporomokea ndani, na pale katikati miamba ya chini sana ikainuka na kuganda ikiwa imesimama. Yote hayo yalikwisha kwa dakika chache. Volkano kama Ol Doinyo Lengai hujenga mlima wake kwa kumwaga lava mara kwa mara kwa maelfu ya miaka. Mlima wa Tycho uliinuka mara moja tu, ukatulia mpaka leo.

Tarehe 10 Juni 2011 chombo cha Marekani kiitwacho Lunar Reconnaissance Orbiter kiliupiga picha mlima huo jua likichomoza. Kileleni limekaa jabali lenye upana wa mita 120 hivi, linaloshinda urefu wa kiwanja cha mpira, na chini yake umetandazwa mwamba ulioyeyuka na kuganda. Mtu wa Dodoma akiiona picha ile lazima akumbuke majabali yetu, yale yaliyopandana juu ya vilima pembeni mwa mji kana kwamba kuna aliyeyapanga. Yanafanana kwa macho, ila asili zake hazikutani kabisa. Majabali ya Dodoma hayakurushwa na kitu. Ni graniti iliyokuwa chini ya ardhi, yenye mipasuko ya kukingamana; maji yakapenya kwenye mipasuko, yakaila taratibu, udongo laini ukachukuliwa na mvua, na yale mabonge magumu yakabaki wazi yamekaliana. Kazi hiyo ilifanywa na maji, na pale kileleni mwa Tycho maji hayakuwahi kutiririka.

Na graniti si mwamba wa Mwezi. Nyanda za juu za Mwezi, zile sehemu nyeupe, zimetengenezwa hasa na mwamba uitwao anothositi, uliojaa madini meupe ya feldspa yenye kalisi na alumini. Yale madoa meusi unayoyaona, ambayo wazee wa anga waliyaita bahari ingawa hayana tone la maji, ni lava ya basalti iliyokuja baadaye ikajaza mabonde.

Kipimo cha kwanza cha udongo wa nyanda hizo kilifanyika jirani kabisa na Tycho, na jinsi kilivyofanyika ni kisa ninachokipenda. Tarehe 10 Januari 1968 chombo kisicho na watu, Surveyor 7, kilitua juu ya vifusi vya Tycho, kilomita 29 hivi kaskazini mwa ukingo wake. Kilibeba kisanduku cha kupima kemia kilichotakiwa kushuka kwa kamba hadi chini. Kamba ikakwama, kisanduku kikaning'inia hewani. Chombo kilikuwa pia na mkono mdogo wenye kijiko cha kuchimbia. Wahandisi, wakiwa Duniani, umbali wa karibu kilomita 384,000, wakauongoza ule mkono hatua kwa hatua mpaka ukakisukuma kisanduku kikagusa ardhi. Baadaye wakakibeba kwa mkono uleule na kukihamisha kupima mahali pengine. Majibu yalionyesha chuma kidogo na alumini nyingi kuliko zile sehemu za bahari zilizopimwa na vyombo vilivyotangulia.

Mwaka uliofuata, ndani ya udongo ulioletwa na wanaanga wa Apollo 11 kutoka kwenye bahari ya basalti, watafiti wakakuta vipande vidogo vyeupe vya anothositi, vilivyorushwa huko kutoka nyandani. Ndipo likaja wazo ambalo hadi sasa ndilo tunalolitegemea: Mwezi ulipokuwa mchanga ulifunikwa na bahari ya mwamba ulioyeyuka, madini mazito yakazama, feldspa nyepesi ikaelea na kuganda ikawa gamba. Chombo cha India, Chandrayaan-3, kilipotua kusini zaidi Agosti 2023, kigari chake kilipima udongo wa hapo na kukuta muundo unaokubaliana na wazo hilohilo. Kwa hiyo unapolitazama doa lile, unatazama gamba la kwanza la Mwezi lililofukuliwa na kumwagwa juu.

Nimesema miaka milioni 108, na una haki ya kuuliza nani alikwenda Tycho kupima. Hakuna binadamu aliyefika Tycho. Umri huo umepatikana kwa njia ya kuzunguka, nami nitaueleza kwa kirefu kidogo kwa sababu nadhani mtu asipewe tarakimu bila kuonyeshwa ilikotoka.

Desemba 1972, Eugene Cernan na Harrison Schmitt wa Apollo 17 walitua kwenye bonde la Taurus-Littrow, zaidi ya kilomita 2,000 kutoka Tycho. Schmitt alikuwa mwanajiolojia, wa kwanza na wa pekee kukanyaga kule. Picha za angani zilikuwa zimeonyesha kwamba kutoka mlima mmoja wa kusini mwa bonde yalishuka maporomoko ya udongo mweupe, yakatandaa kilomita kadhaa sakafuni. Juu ya mlima huo na ndani ya bonde kulikuwa na kundi la vishimo vilivyokaa kwa mtindo wa vifusi vilivyoanguka pamoja, na ukiufuata uelekeo wake unakuelekeza Tycho. Hoja ikawa kwamba mawe kutoka Tycho ndiyo yaliyougonga mlima na kuuporomosha.

Wakachukua sampuli. Mwamba ukiwa umefukiwa chini, mionzi ya anga haiufikii. Siku unapotupwa juu, mionzi inaanza kuupiga na kuacha ndani yake gesi adimu kidogo kidogo, kwa kiwango kinachojulikana. Pima gesi hiyo, utajua mwamba umekaa wazi tangu lini. Sampuli za maporomoko na za vishimo vile zilitoa majibu yanayokaribiana: miaka kama milioni 108.

Ni mnyororo wenye pete kadhaa. Kama maporomoko hayakusababishwa na Tycho, umri huo ni wa maporomoko tu. Mimi naukubali, kwa sababu kuna njia ya pili isiyotegemea ya kwanza: kuhesabu vishimo vidogo vilivyochimbwa juu ya vifusi vya Tycho baada ya kuanguka. Ardhi iliyokaa wazi muda mrefu ina vishimo vingi, changa ina vichache. Vya Tycho ni vichache, na umri unaopatikana kwa hesabu hiyo hautofautiani sana na ule wa sampuli. Njia mbili zikikutana namna hiyo, moyo unatulia.

Huku kwetu dinosaria wakubwa wa Tendaguru, mkoani Lindi, ambao mifupa yao ilipelekwa Berlin, walikuwa wameshatoweka kwa miaka kama milioni 40 Tycho ilipochimbwa. Lakini dinosaria wengine walikuwapo. Kama usiku ule Mwezi ulikuwa juu ya upeo wa macho yao, mwako wa Tycho ulikuwa wa kuonwa bila darubini.

Sasa twende kwenye swali lako la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: mbona kwetu hakuna?

Dunia imegongwa mara nyingi kuliko Mwezi. Ni pana zaidi, na mvutano wake ni mkubwa zaidi. Hata hivyo mashimo yaliyothibitishwa Duniani kote ni kama 200 tu, na Tanzania haimo katika orodha hiyo. Darubini yako itakuonyesha mashimo mengi kuliko hayo ukizungusha macho mara moja kusini mwa Mwezi.

Watu huniambia, "Lakini Mwalimu, miamba ya Dodoma si ni ya kale sana?" Ni kweli. Graniti tunayojengea misingi ya nyumba hapa ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, ni sehemu ya moyo wa kale wa bara hili. Mwamba ni wa kale, ila uso wa ardhi si wa kale. Uso tunaoukanyaga umeshushwa, umeparuzwa na kuoshwa mara nyingi, na graniti tunayoiona leo wakati inaganda ilikuwa kilomita kadhaa chini. Chochote kilichokuwa juu yake, na kreta zake, kimekwenda na maji. Mwezini mwamba ni wa kale na uso nao ni wa kale. Hiyo ndiyo tofauti yenyewe.

Ukitaka kuona kufutwa huko kwa macho, usiende mbali. Panda gari uende Kondoa. Kwenye vilima vya Irangi, korongo moja linaweza kumeza nyumba, na wapo wazee wanaokumbuka shamba mahali ambapo leo pana bonde. Hali ilikuwa mbaya hata serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika zaidi ili ardhi ipumue. Hayo yalitokea ndani ya umri wa binadamu. Zidisha kwa miaka milioni 108, kisha ujiulize kama ukingo wa kreta ungebaki. Hata Vredefort ya Afrika Kusini, kreta kubwa kuliko zote zilizothibitishwa, iliyochimbwa miaka ipatayo bilioni 2 iliyopita, leo imebaki mizizi tu: duara la vilima linalotambulika vizuri ukiwa juu angani.

Ngorongoro ni jambo jingine kabisa. Ilikuwa volkano kubwa. Lava ya chini ilipotoka, paa likakosa cha kulishikilia, likadidimia, zaidi ya miaka milioni 2 iliyopita. Ina upana wa kilomita 19 hivi na kina cha mita 600. Kreta kama ishirini za ukubwa huo zingeenea ndani ya Tycho. Ngorongoro inaonekana nzima kwa sababu ni changa. Mvua ikipewa muda, nayo itasawazishwa.

Na kama kijana anataka kugusa kwa mkono kitu kilichotoka angani, kipo nchini. Kimondo cha Mbozi, mkoani Songwe, ni bonge la chuma na nikeli lenye urefu wa mita 3 na uzito unaozidi tani 10. Kwenye ncha yake kuna alama za watu waliokata kipande. Chuma kile ni kigumu hasa. Hakina shimo. Mahali kilipoangukia pamezibwa na udongo zamani, na wenyeji hawana hata hadithi ya siku kilipoanguka.

Tumalizie na namna ya kutazama, maana darubini ya baba inakutosha kabisa. Miezi ya kiangazi ndiyo mizuri kwetu, kuanzia Mei, ingawa upepo wa Agosti huinua vumbi na kuufanya Mwezi uwe mwekundu ukiwa chini. Subiri Mwezi uinuke kidogo. Usishike darubini mikono ikiwa hewani. Egemeza viwiko juu ya ukuta au boneti ya gari, picha itatulia.

Usiku wa nane au wa tisa tangu mwezi mwandamo, fuata mstari wa mwanga na giza kuelekea kusini. Mwezi ukichomoza mashariki, kusini mwake kuko upande wako wa kulia. Ukienda kuzama magharibi, kuko kushoto. Vitabu vingi huchora Tycho ikiwa chini kwa sababu vimeandikwa na watu wa kaskazini, kwa hiyo visikuchanganye. Utaona Tycho ikiwa shimo lililojaa giza, na ukibahatika kupata saa nzuri, nukta ya mwanga katikati yake: ni kilele cha ule mlima, jua limekifikia kabla ya sakafu. Usiku huohuo Clavius itaonekana kwa kusini zaidi, pana, na ndani yake vishimo vidogo vimejipanga kwa upinde kutoka kikubwa hadi kidogo. Mpe kijana achore anachokiona. Kisha usiku wa 14 mtoke tena mkatazame palepale: achore miale, na aitafute Clavius aone kama ataipata.